Kipupwe Kimebisha Hodi: Mavuno ni Yenu Wote, Pesa ni za Nani?

Wenzetu wa Ulaya wana msimu wao wa majani kupukutika, unaoanza Septemba. Sisi tulio kusini mwa Ikweta mambo ni kinyume. Huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Mei ndiyo inayogeuza ukurasa. Kama umewahi kuamkia Njombe mwezi wa sita unanielewa: ukungu hadi mlangoni, na kuna asubuhi umande unakuta umeganda juu ya majani.

Mvua zilizoanza Novemba zimekatika. Ulanzi, ile pombe ya mianzi inayogemwa masika, unaanza kuadimika vilabuni. Mahindi yamekauka yakiwa bado yamesimama, upepo ukipita yanachakarisha. Ukisikia hivyo, ujue msimu wa mavuno umeingia. Na kwa familia yenye ekari mbili tatu, huu ndio msimu unaopima ndoa kuliko mwingine wowote.

Siku yenyewe ikoje?

Inaanza gizani. Mama anawasha moto wa kuni na kubandika chai, baba anakwenda kukamua ng'ombe. Wanakunywa chai na viazi vya kuchemsha, halafu wanasubiri jua likaushe umande kidogo ndipo waingie shambani. Wanavunja mahindi pamoja, wanayamenya pamoja, wanayasomba hadi nyumbani. Shule zikifungwa Juni, watoto nao wanakaa kwenye turubai kupukuchua. Jioni ni makande, na kila mtu anavuta kigoda karibu na moto.

Picha tamu, au siyo? Hebu itazame tena. Baba akishaketi na redio yake, mama bado anachota maji, anapika, anaogesha mtoto. Kazi ya shamba wamegawana, ya nyumbani haijagawanywa na mtu. Akina kaka, mpo?

Lori likifika

Uchovu huo unaweza kuvumilika. Kinachouma zaidi huja siku ya kuuza. Wakati wa mavuno kila mtu ana mahindi, kwa hiyo bei iko chini. Lakini deni la mbolea linadai, ada ya shule inasubiri, na mnunuzi amesimama mlangoni na magunia yake ya lumbesa. Baba anakubaliana naye, magunia yanapakiwa, pesa zinaingia mfukoni. Mama anakuja kusikia bei kutoka kwa jirani! Wamepalilia wawili, ameuza mmoja.

Wewe wa mjini usicheke. Ninyi mnaolima kwa simu mna hadithi hiyohiyo. Shamba limeandikwa jina la mume, mshahara wa mke umenunua mbegu na mbolea, na msimamizi wa shamba anampigia mume peke yake. Mke akiuliza, anajibiwa "mambo ya shamba niachie mimi". Kwa kweli, jibu hilo huanza kula mapenzi taratibu, kama dumuzi ndani ya gunia.

Sheria inasemaje?

Sheria haioni kazi ya mwenzi kuwa msaada wa bure. Mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya wanandoa. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinaeleza kwamba ardhi ikiwa na jina la mmoja, na mwenzake akaitunza na kuiendeleza kwa nguvu zake, huyo naye anapata haki katika ardhi hiyo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ya mwaka huohuo, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Lakini nani anataka kufika mahakamani? Kaeni kikao kabla gunia la kwanza halijatoka.

* Chakula kwanza. Hesabuni midomo iliyopo na miezi hadi mavuno yajayo. Fungu hilo haliuzwi, hata lori lije na muziki.

* Pimeni ukavu. Tia chumvi kavu kwenye chupa safi ya kioo iliyo kavu, ongeza punje za mahindi, tikisa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisheni mahindi juani. Yakihifadhiwa na unyevu yanaota ukungu, na sumukuvu haionekani kwa macho.

* Hifadhini vizuri. Kuna mifuko ya tabaka tatu: miwili ya plastiki ndani, mmoja wa nje. Kila tabaka linafungwa peke yake kwa nguvu, wadudu wanakosa hewa na kufa, bila dawa yoyote.

* Uzeni kwa mafungu. Fungu la kulipa madeni liende sasa. Linalobaki lingoje, mara nyingi bei hupanda kuelekea miezi ya njaa, Januari na Februari.

* Andikeni. Daftari moja: magunia mangapi, bei gani, pesa zimekwenda wapi. Na mkienda kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kijijini, ombeni iandikwe majina yote mawili.

Mpenzi msomaji, mwenzi wako anaweza kuvumilia baridi ya Njombe, mikono kupasuka na moshi wa kuni machoni. Kinachomvunja moyo ni kufanya kazi msimu mzima halafu awe mgeni siku ya kugawana. Kabla hujampa zawadi ya mavuno, mwonyeshe daftari.