Figo Haipigi Kelele

Hapa Usa River wengi wetu huwaaga waume zetu alfajiri waendapo shambani. Chakula tunawafungia; je, maji?

Utafiti wa mkoani Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliokutwa na ugonjwa sugu wa figo hawakuwa na kisukari, shinikizo la damu wala virusi vya UKIMWI. Huko Amerika ya Kati, ambako ugonjwa wa namna hiyo umeua wakata miwa wengi, watafiti wanashuku hasa kazi nzito juani bila maji ya kutosha.

Figo huharibika pasipo maumivu. Basi mfungie mumeo maji safi, nawe uyanywe ulimapo. Pumzikeni kivulini, msimeze ovyo vidonge vya maumivu kama diklofenaki, mkapimwe damu na mkojo. Kumwombea ni vema. Kumpeleka kupimwa nako ni upendo.