Jina Si Ukoo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mwanzoni mwa mwaka huu tuliagizwa kuhakiki majina yetu matatu kwa ajili ya mtihani wa taifa, maana yatakayoandikwa ndiyo yatakayobaki katika cheti. Nilipofika jina la tatu, kalamu ilisita. Lile si jina la babu yangu. Ni la mjomba wa baba.

Baba alizaliwa Muleba. Wazazi wake walifariki kwa UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Mjomba wake alimchukua Bukoba mjini, akamwandikisha shule kwa jina lake, kisha naye akafariki kabla baba hajafikia umri wa kuuliza. Basi tumekaa miaka mingi tuna jina, lakini hatuna ukoo.

Yafaa nieleze tofauti ya mambo hayo mawili. Zamani kwetu Wahaya mtoto hakurithi jina la baba. Kila mmoja alipewa lake, lenye maana yake: Ishengoma ni "baba wa ngoma", na Tibaijuka ni "hawakumbuki". Desturi ya kurithi jina ilikuja pamoja na daftari za kanisa, za kodi na za shule. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina mbalimbali, na akina Ishengoma wawili wasiwe na udugu wowote. Kinachorithiwa kwa baba ni oluganda, yaani ukoo, pamoja na omuziro, yaani mwiko wake. Wabito waliotawala Kiziba mwiko wao ni pongo. Wahinda waliotawala Ihangiro, ambayo sasa imo wilayani Muleba, ni tumbili. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Asiyejua ukoo wake aweza kumchumbia dada yake bila kufahamu.

Jambo la tatu ni kibanja, shamba la migomba ambamo wazee huzikwa. Huko Uswisi kila raia huandikiwa katika hati zake mji au kijiji cha asili ya ukoo wake, hata kama hakuzaliwa huko. Kwetu kibanja hufanya kazi hiyo, ila kumbukumbu yake imo vichwani mwa wazee.

Wakati wa likizo nilifuatana na baba hadi Muleba. Alikumbuka jambo moja tu: mama yake alimkataza kula kamongo. Lakini mwiko mmoja waweza kuwa wa koo zaidi ya moja, hivyo hapakuwa na budi kukitafuta kibanja. Bibi kizee mmoja alimtazama baba sana, akauliza mama yake alitoka wapi. Kisha akatuongoza migombani, akatuonyesha makaburi mawili, akataja jina la babu yangu, la baba yake, na kuendelea mpaka watu watano. Majina yote matano yalikuwa mbalimbali. Baba aliketi chini asiseme neno.

Jina la cheti sikulibadili, kwa kuwa aliyemlea baba anastahili heshima hiyo. Yale matano nimeyaandika daftarini pamoja na ukoo na mwiko. Enyi wenzangu, likizo ijayo waulizeni wazee mambo matatu: ukoo, mwiko na kibanja. Bibi yule umri wake ni mkubwa, na pale kijijini hatukumpata mwingine aliyeyajua.