Maumivu makali ya viungo kwa mzazi mzee: namna ya kumsaidia

Wazee wengi wakiulizwa hali hujibu "sijambo" hata kama hawakulala usiku kucha. Wengine hawataki kukusumbua, wengine wanaamini uzee ndivyo ulivyo. Kwa hiyo usisubiri mzazi akuambie. Mwangalie: je, anashika ukuta anapoinuka? Ameacha kwenda msikitini au kanisani? Anakunywa maji kidogo makusudi ili asiende chooni mara kwa mara? Hizo ni dalili kwamba maumivu yamemzidi.

Maumivu yanatoka wapi?

Chanzo cha kawaida uzeeni ni viungo kusagika. Ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, ambalo ni laini na huteleza. Gegedu likilika, kiungo hukaza na kuuma, hasa magoti, nyonga, vidole na mgongo. Maumivu huzidi akitembea na hupungua akipumzika. Asubuhi viungo hukaza, lakini kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa.

Baridi yabisi ni ugonjwa mwingine. Hapa kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Mara nyingi mikono yote miwili huvimba, na asubuhi viungo hukaza kwa saa nzima au zaidi. Ugonjwa huu una dawa zake maalumu, na ukicheleweshwa viungo hupinda. Gauti nayo huja ghafla, mara nyingi usiku, na kidole gumba cha mguu huwa chekundu na cha moto.

Matibabu ya magonjwa haya hayafanani. Ndiyo maana mzazi anatakiwa kupimwa kabla ya kuzoeshwa dawa za dukani.

Dawa: zipi, na kwa tahadhari gani

- Dawa ya kupaka. Kwa goti au vidole, jeli ya diclofenac ni mwanzo mzuri, kwa kuwa kiasi kidogo tu ndicho huingia kwenye damu. Usiipake penye kidonda.
- Paracetamol. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mzee mwembamba, au mwenye ugonjwa wa ini, huhitaji kiasi kidogo zaidi. Muulize mtoa huduma. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani yake.
- Vidonge vya diclofenac na ibuprofen. Vinatuliza, lakini kwa mzee vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Sindano ya diclofenac ina hatari hizo hizo. Usimpe bila ushauri wa daktari, hasa kama ana presha, ugonjwa wa moyo, figo au vidonda vya tumbo. Kamwe usichanganye hizo mbili.
- Dawa kali kama tramadol. Hutolewa na daktari tu. Huleta kizunguzungu na kufunga choo, na mzee anaweza kuanguka.

Jihadhari na dawa "za asili" zinazoondoa maumivu yote kwa siku moja. Zipo zilizokutwa zimechanganywa kwa siri na dawa kali kama dexamethasone. Zikitumika muda mrefu, uso huvimba, sukari hupanda na mifupa hudhoofika. Kama mzazi amezitumia kwa wiki kadhaa, usimwachishe ghafla. Mpeleke kwa daktari pamoja na chupa au pakiti yake.

Unachoweza kufanya nyumbani

*Joto na baridi.* Kiungo kilichokaza kikandwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20. Jaribu maji kwa mkono wako kwanza, kwani mzee mwenye kisukari anaweza kuungua bila kuhisi. Kiungo kilichovimba na chenye moto kipate kitambaa cha maji baridi.

*Mwendo.* Kulala siku nzima hudhoofisha misuli, na misuli ikidhoofika goti huuma zaidi. Akiwa amekaa kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, ahesabu hadi 5, kisha aushushe taratibu. Afanye mara 10 kila mguu, mara mbili kwa siku. Kuuma kidogo ni kawaida. Yakiwa makali, apunguze.

*Fimbo.* Ishikwe mkono wa upande usiouma. Akiwa amesimama wima na mkono umening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko cha kiganja, pale mkono unapokunjika.

*Choo na kiti.* Kuchuchumaa ndiyo adhabu kubwa kwa goti lililosagika. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo. Badilisha kigoda kwa kiti kirefu chenye mikono. Anayeswali anaweza kuswali amekaa.

*Kumwinua.* Usimvute mikono. Asogee ukingoni mwa kiti, arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha asukume kwa mikono yake. Njia hii hulinda mabega yake na mgongo wako.

*Uzito.* Kama ni mnene, kila kilo anayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua.

Mpeleke hospitali haraka ikiwa:

- kiungo kimoja kimevimba ghafla, ni cha moto, na ana homa;
- ameanguka na hawezi kukanyagia mguu;
- anapata choo cheusi kama lami, au anatapika damu;
- miguu imekufa ganzi au imelegea, au ameshindwa kuzuia mkojo au choo;
- anakojoa kidogo sana, au miguu na uso vimevimba baada ya kuanza dawa.

Maumivu yasipotulia

Usikubali jibu la "ni uzee tu". Omba apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi tiba au daktari wa mifupa. Sindano ndani ya goti inaweza kumpa nafuu ya wiki kadhaa, na upasuaji wa kubadilisha goti au nyonga hufanyika nchini Tanzania, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Ulizia dirisha la wazee na msamaha wa matibabu kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Nenda na kitambulisho chake.

Kabla ya kwenda, andika kwa siku saba maumivu huanza saa ngapi, yanamzuia kufanya nini, na dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji.

Na wewe je?

Anayelea watoto na mzazi kwa wakati mmoja huchoka. Kaa na ndugu zako mgawane: mmoja alipie dawa, mwingine ampeleke kliniki, mwingine alale naye mwisho wa wiki. Kuomba msaada si kumtelekeza mzazi. Mlezi aliyelala vizuri humhudumia kwa upole zaidi.