Chaza wa Delta Hafuati Kalenda

Huko Ulaya iko kanuni kongwe kwamba chaza huliwa katika miezi ambayo jina lake kwa Kiingereza lina herufi R, yaani kuanzia Septemba hadi Aprili. Kwao ilikuwa na maana, kwani chaza wao bapa huatamia watoto ndani ya gamba wakati wa joto, na nyama yake hujaa chenga. Kwetu, tukiyafuata majina ya Kiswahili, R tutaipata Januari, Februari na Aprili tu. Na Aprili ndipo masika yanapopamba moto!

Chaza wa delta ya Rufiji ni yule yule wa miamba, ila kwa kukosa mwamba hushikamana na mizizi ya mikoko. Si yule wa lulu, apendaye maji maangavu ya matumbawe kama ya Mafia. Huyu wetu huishi kwa kuchuja maji. Chumvi ikimjia, hufunua gamba akala akanenepa. Maji matamu ya mto yakizidi, hulifumba akashinda na njaa, na yakidumu hufa. Tena mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, huzoa taka za vyoo, na alichochuja chaza ndicho alacho mlaji. Basi msimu wake ni kiangazi, na siku zake ni za bamvua, maji yanapokupwa mbali na mizizi ikaonekana.

Kwa hiyo, iwapo wakuu wa Kibiti watataka kuweka muda wa kufunga uvunaji, wasiandike tarehe wakiwa ofisini. Wakae kwanza na akina mama, ambao katika mwambao wetu ndio hasa waokotao chaza. Wao hujua mkondo upi huwahi kupata maji matamu na upi hubaki na chumvi. Wavunaji nao wabandue chaza kwa kisu, wasikate mzizi mzima.

Liko jambo geni. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, maji ya mto hayaji kwa amri ya mvua peke yake. Tunaomba taarifa za kufungulia maji zifike mapema Nyamisati, Salale na Mbuchi, tena zitaje bamvua na maji mafu pamoja na tarehe, ili mwenye mtumbwi ajue kama iko haja ya kushika kafi.