Gari la mfuo hurekebishwa kuanzia mwendo wa chini

Tangu Fred Francis alipoingiza Scalextric sokoni Uingereza mwaka 1957, mchezo wa vigari vya umeme vinavyofuata mfuo umemwachia dereva kitu kimoja cha kushika: kidhibiti cha mkononi. Usukani hakuna, gia hakuna. Ajabu ni kwamba wachezaji wengi wa nyumbani hugharamia mota kali, kidhibiti wakakiacha kama kilivyotoka kwenye boksi. Njia ya sebuleni ni kona tupu. Gari likianza tu kushika kasi, kona nyingine imefika. Muda hupotea linapoingia kona na linapotoka, kwa hiyo cha kurekebisha kwanza ni mwanzo wa umeme na mwisho wake, si kilele cha kasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kidhibiti cha kizamani ni waya wa ukinzani: kidole kikizidi kubana, ukinzani hupungua. Chukua cha omu 15 kwenye umeme wa volti 12. Mota nyepesi inayovuta ampea 0.2 ikiwa mwendoni hupoteza volti 3 tu njiani, ikabaki na volti 9 kidole kikiwa ndiyo kwanza kimegusa. Mwendo wa taratibu hapo haupo. Kwa omu 45, mota hiyohiyo hubaki na volti 3, na dereva anapata nafasi ya kupandisha kidogo kidogo. Mota yenye njaa ya umeme, kinyume chake, haitajongea hadi kifyatulio kifike mbali. Vidhibiti vya kielektroniki huondoa kero hii kwa kitufe cha kuzungusha: kizungushe hadi gari lianze kutambaa kwa mguso wa kwanza, basi.

Breki ndipo ubishi ulipo. Wapo wanaoamini kuwa breki kali haina hasara. Lakini kifyatulio kikiachiwa, ncha mbili za mota huunganishwa, mota ikageuka jenereta inayopinga mzunguko wake yenyewe, na katika magari mengi upinzani huo hufika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukizidi uwezo wa matairi, mkia unatoka. Afadhali kupunguza breki hadi gari liingie kona likiwa bado linabingirika. Lenye sumaku chini ya chasi huhitaji breki pungufu zaidi, kwani sumaku huling'ang'aniza kwenye reli za chuma.

Watasema kidole chenye uzoefu hakihitaji vitufe. Kidole hujifunza, sawa, lakini safari ya kifyatulio ni fupi; nusu yake ikiwa haifanyi kazi, uzoefu unabanwa kwenye nusu iliyobaki. Pingamizi la gharama lina uzito zaidi. Asiyeweza kununua kidhibiti cha kielektroniki atafute chanzo cha umeme kinachopunguzika, ashushe hadi volti 9 au 10. Gari litatulia, na breki haitapotea, kwa sababu nguvu yake hutoka kwenye mzunguko wa mota, si ukutani. Ila katika seti nyingi za bei nafuu njia mbili hula chanzo kimoja: gari la jirani likichomoka, lako hupata umeme wa ziada ghafla. Marekebisho yafanywe basi matairi yakiwa safi na njia ya pili ikiwa na gari linalokimbia.