Dawa ya Mtoto wa SS: Hatari Yake na Faida Yake

Wewe mzazi unayelea mtoto wa SS, umesikia kwa jirani ya kwamba hidroksiure ni dawa ya kansa, tena inapunguza damu. Umeogopa. Hofu hiyo si upumbavu, kwa maana maneno yale yana ukweli ndani yake. Njoo tuyapime pamoja.

Ugonjwa huu si ulozi, wala si malipo ya dhambi. Mtoto ameurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, ijapokuwa mara nyingi wao wenyewe ni wazima. Chembe nyekundu za damu yake hupindika kama mundu na kuziba mishipa midogo, naye hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Damu yake huisha upesi. Malaria ikimkuta, inaweza kumwua.

Tulipokuwa tumboni mwa mama zetu tulikuwa na damu ya namna nyingine, isiyopindika. Hidroksiure huuamsha mwili kuitengeneza tena. Mwaka 2019 waganga walitangaza habari za watoto 606 waliopewa dawa hii katika Kongo, Angola, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua kupita nusu, malaria ikapungua karibu nusu, na vifo vilipungua pia. Haiondoi ugonjwa. Mtoto akiiacha, maumivu hurudi.

Na hatari yake? Dawa inaweza kulegeza uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Chembe nyeupe, askari za mwili, zikipungua mno, mtoto hushikwa na magonjwa. Kwa hiyo hupimwa kwanza kwa mzani, maana kipimo cha dawa hufuata uzito, na damu yake hupimwa mara kwa mara, zaidi sana miezi ya kwanza. Chembe zikishuka mno, munganga husimamisha dawa kwa muda, nazo kwa kawaida hupanda tena. Kama njia ni mbali nawe huwezi kumleta kupimwa, useme wazi kabla ya kuanza, si haya. Lakini vidonge vya sokoni, bila mzani wala kipimo, usimpe kamwe.

Msichana aliyekomaa asishike mimba akiwa katika dawa hii. Kijana naye amwulize munganga habari za uzazi.

Mtoto akipata homa, usingoje asubuhi. Mlete siku ile ile, pamoja na kidaftari chake, na useme mlangoni: “Huyu ni SS, anameza hidroksiure.”