Karura si ya mabwanyenye: Tafuta baiskeli, ingia msituni

UKITAJA baiskeli mtaani, watu huwaza mambo mawili tu. Kuna mzee anayepeleka maziwa sokoni kwa Black Mamba yake, na kuna bwanyenye wa Runda mwenye kaptura ya kubana na miwani ya bei. Wewe uliye katikati, kijana wa Huruma, Kasarani au Kangemi, eti hapo huna lako. Acha nikwambie, lako lipo, tena liko karibu kuliko unavyodhani.

Naongea kuhusu Msitu wa Karura. Ni takriban hekta 1,041 za miti, mito na njia za udongo mwekundu, sehemu kubwa ikiwa kati ya Limuru Road na Kiambu Road. Ndani yake kuna zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Matatu za Kiambu zinapita karibu na lango moja kila dakika. Ni wangapi kati yetu wamewahi kushuka hapo?

Na kwa nini baiskeli, si kutembea tu? Kwa sababu jiji hili halina mahali pa kujifunzia. Ukijaribu Jogoo Road, una matatu kushoto, lori kulia na nduthi inayokuja mbele yako kinyume cha barabara. Hapo hujifunzi baiskeli, unajifunza kusali. Msituni hakuna anayekupigia honi. Ukianguka, unaangukia majani na udongo, unajikung'uta, unapanda tena.

Njia ya kila mtu

Kule Uingereza, misitu yenye njia za baiskeli, kama Coed y Brenin ya Wales, huzipanga kwa rangi. Kijani ni ya anayeanza, bluu ya aliyezoea kidogo, nyekundu ya mwenye ujuzi, na nyeusi ni ya wale ambao mama zao hawapaswi kuona wanachofanya. Karura haiendi kwa rangi. Makutano ya njia yana vibao vya nambari, na ukiwa na ramani unajua uko wapi na unaelekea wapi. Kwa hivyo kazi ya kupima ugumu wa njia ni yako. Nitakupa kipimo changu.

Kama hujawahi kupanda baiskeli, au uliacha ukiwa darasa la tano, baki kwenye barabara pana za murram, zile zinazopitisha hata magari ya wahudumu wa msitu. Ni pana kiasi cha watu watatu kwenda sambamba na unaona mbali. Zungusha pedali polepole, zoea breki, zoea gia. Saa moja hapo inatosha kwa siku ya kwanza, na kesho yake makalio yatakukumbusha.

Kama tayari unajiamini, tafuta njia zinazoteremka kwenda mtoni na kupanda upande wa pili. Usidanganywe na ramani. Karura ina mabonde, na kila mteremko unaofurahia una mlima wake unaokungoja. Hapa ndipo utajua kama mapafu yako ni ya kweli.

Na kama wewe ni mkongwe, kuna vijia vyembamba vyenye mizizi, mawe na kona za ghafla. Vile vilivyoruhusiwa baiskeli, ingia. Vingine ni vya wanaotembea kwa miguu pekee, na kibao kikisema hivyo, kimesema.

Ninaposema kila mtu, namaanisha pia rafiki yako asiyeona na yule asiyetumia miguu. Asiyeona anaweza kukaa nyuma kwenye baiskeli ya watu wawili huku mwenzake akiongoza. Asiyetumia miguu anaweza kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Vyombo hivyo vipo duniani, na barabara zile pana zingevibeba. Kama unajua fundi wa jua kali mwenye akili ya kuchomelea vyuma, hapo kuna wazo la kazi.

Mambo matano kabla hujateremka

Kwanza, jaribu breki ukiwa umesimama. Jua ipi ni ya mbele na ipi ni ya nyuma, kwa sababu baiskeli hazifanani. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ghafla mteremkoni utairuka baiskeli uende mbele yake. Bana zote mbili, polepole, kabla ya kona na si ndani ya kona.

Pili, mteremkoni inuka kitini kidogo, sukuma makalio nyuma, na uweke pedali zote mbili usawa mmoja ili isigonge jiwe.

Tatu, tazama unakotaka kwenda. Macho yakikwama kwenye shimo, gurudumu nalo linaelekea kwenye shimo. Hii si imani ya kishirikina, mwili hufuata macho.

Nne, shusha gia kabla mlima haujaanza. Ukingoja hadi miguu ikwame, cheni inalia na wewe unalia.

Tano, magurudumu yasijae upepo hadi yawe kama jiwe. Toa kidogo yashike udongo. Halafu helmeti. Hakuna mtu msituni anayekucheka kwa kuvaa helmeti.

Hauko peke yako

Katika njia hiyohiyo kuna mama na mtoto wa miaka mitatu, kuna mzee na fimbo yake, kuna mbwa aliyefungwa kamba, kuna wapenzi wanaotembea kama wana mwaka mzima wa kufika. Wewe ndiwe mwenye kasi, kwa hivyo wewe ndiwe wa kupunguza. Piga kengele mapema au sema tu "habari za asubuhi, napita kulia." Mtu akishtuliwa na baiskeli kutoka nyuma, hakumbuki jina lako, anakumbuka "hawa vijana wa baiskeli." Malalamiko yakizidi, njia zinafungwa kwetu sote.

Halafu kuna matope. Kati ya Machi na Mei, na tena mvua za vuli zikija mwishoni mwa mwaka, udongo ule mwekundu unakuwa sabuni. Tatizo si kuanguka tu. Gurudumu likipita kwenye tope linachora mfereji, mvua inayofuata inapita humohumo, na baada ya msimu mmoja njia imekuwa korongo. Mvua ikinyesha usiku kucha, subiri siku moja au mbili. Msitu hauendi popote.

Au tuseme, hauendi popote sasa. Kuna wakati ulikaribia kwenda.

Walipigwa ili upite

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Sehemu yake kubwa ilipandwa mikalatusi na miti mingine ya kigeni, na kuni zake zikaendesha treni za mvuke. Kufikia miaka ya 1990, waliokuwa karibu na mamlaka walikuwa wanagawiana vipande vya msitu huu kama mahindi choma. Ramani za majumba zilikuwa tayari.

Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miti huko. Walikutana na genge la walinzi lililowashambulia, na Wangari akapasuliwa kichwa. Alienda kupiga ripoti polisi damu ikimtiririka. Baadaye mwezi huohuo, wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuutetea msitu, na wakakutana na polisi. Fikiria hilo: waliopigania njia unayopitisha gurudumu leo walikuwa wa rika lako. Mwaka wa 2004 Wangari akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, Mwafrika wa kwanza wa kike kuipata.

Hata baada ya hapo, Karura ilibaki mahali pa kuogopwa. Wakazi walijua habari za wizi na maiti zilizotupwa humo. Kilichobadilisha mambo ni usimamizi. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya jamii vya misitu na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Hivyo ndivyo Friends of Karura Forest walivyoingia. Ua wa umeme ukawekwa, walinzi wakaajiriwa, njia zikafyekwa, na msitu ukafunguliwa kwa umma mwaka wa 2011. Mikalatusi inapokatwa, miti ya kiasili inapandwa mahali pake. Ukibahatika utaona mbega juu ya matawi. Ukiacha ndizi kwenye kikapu cha baiskeli, utakutana na kima pia, na hiyo ndizi sahau.

Sasa, swali la pesa

Najua unachowaza. Kiingilio, kukodi baiskeli langoni, nauli ya kwenda na kurudi: ukijumlisha, kwa mtu wa mjengo hiyo ni sehemu nzuri ya mshahara wa siku. Mimi niliacha chuo karo ilipokwama, kwa hivyo hesabu hizo nazijua vizuri. Kiingilio hulipa walinzi na kutengeneza njia, na hilo nalielewa. Lakini msitu uliookolewa na wanafunzi usiwe mahali ambapo mwanafunzi anahesabu sarafu langoni. Siku moja tu kwa mwezi yenye ada nafuu kwa vijana haiwezi kuangusha hazina ya msitu. Wanaosimamia, mnasikia?

Kabla hawajasikia, fanya hivi. Njooni wanne, mkodi baiskeli mbili, wawili wazunguke huku wawili wakitembea hadi kwenye maporomoko ya maji, kisha mbadilishane. Au nunua baiskeli ya mitumba kwa kuchangiana, fundi wa mtaani aikague breki, cheni na spoki, na muitunze kwa zamu. Ukija na yako, gharama ya kukodi inaondoka. Hakikisha pia una pesa kwenye simu, kwa kuwa langoni hawapokei noti.

Na usiseme mchezo huu hautoi mtu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alifunzwa baiskeli na Mkenya, David Kinjah, kwenye njia za udongo za Kikuyu. Baadaye alishinda Tour de France mara nne. Kinjah hadi leo anajulikana kwa kuwafunza watoto wa kawaida kuendesha na kutengeneza baiskeli kupitia kundi lake la Safari Simbaz. Tofauti ya Froome na kijana wa Githurai haikuwa mapafu. Ilikuwa baiskeli, mwalimu na mahali pa kuendeshea. Mahali pa kuendeshea unapo.

Kwa hivyo chagua siku ya katikati ya wiki, asubuhi, maana wikendi msitu hujaa. Beba maji, tyubu moja ya ziada na pampu, uvae viatu visivyo na kamba ndefu za kunaswa na cheni. Piga picha ya ramani langoni kabla hujaanza. Anza na njia pana. Na ukikutana na mtu amepiga panchari, simama umsaidie. Huko msituni ndivyo tunavyofanya.